Harusi na Kamera Kwenye Ngazi za Kaunti

Ilianza Jumanne, Machi 10, saa tatu na robo asubuhi. Mwanamume mwenye kofia ya besiboli aliingia jengo la kaunti, akawasha kamera na kuninyooshea mimi, karani niliye bado kwenye kipindi cha majaribio kazini. Akasema hili ni jengo la umma na anatumia uhuru wake wa kusema. Akarekodi kaunta, dari la mwaka 1889, hata sandwichi yangu, akaahidi kurudi kesho. Bosi wangu, Bi. Hostetler, akaniagiza: yeyote atakayerekodi ndani, niite polisi, la sivyo nisahau kazi. Lakini nilivyosoma chuoni, ukumbi wa jengo la umma ni wa kila mtu, na yeyote anaweza kurekodi humo.

Mchana nikawafuata wazee wa kahawa kwenye benchi la nje, niwaombe ushauri: Jaji, ambaye hajawahi kuamua chochote ila mashindano ya kuoka pai, na Dizeli, dereva wa lori mstaafu. Dizeli alishikilia kwamba jamaa ni wa bima, analikagua jengo kabla halijaungua. Jaji akasema katumwa na kaunti jirani, wanataka saa yetu ya mnarani.

— Saa yenyewe imekufa, Jaji.

— Ndiyo maana wanaitaka. Haitawapigia kelele.

— Ongeza kahawa, kaka. Umeanza kuota.

Dhana zao zilipofika kwenye setilaiti za kijasusi, mimi bado sikuwa na ushauri wa kushika.

Msichana mmoja akashuka garini, gauni jeupe limening'inia mkononi.

— Samahani, wazee wangu. Kesho tunafunga ndoa humu. Tunaruhusiwa kurekodi kwenye ngazi za ndani?

Harusi zote za mji huu hurekodiwa pale: ya Jaji, za Dizeli zote tatu, na ya Bi. Hostetler mwenyewe. Jaji akamtazama Dizeli. Dizeli akatazama kikombe.

— Muulize huyu binti, akasema Jaji. Yeye kasoma.

Nikamwambia nitamjibu kesho.

Asubuhi iliyofuata maharusi walikuja wawili tu, bila ndugu wala mpiga picha. Bwana harusi akanipa simu yake niwarekodie. Mwenye kofia alikuwa kwenye kaunta, kamera ikiwaka. Bi. Hostetler alisimama mlangoni pa ofisi yake, akingoja niite polisi. Nikapanda ngazi, nikawaambia maharusi wasogee kwenye mwanga, nikaanza kurekodi.