Mrudishieni Ngoma Yake

Mama zangu, bibi zangu, shikamooni. Mbona marahaba zenyewe nyembamba hivyo? Itikieni vizuri, maana nimeruhusiwa kusema kila kitu ila majina, na majina ninayajua.

Nimetumwa na bibi yangu. Mimi humwita mke mwenzangu, na kwa utani wetu wa hapa Newala hakuna neno ambalo mjukuu hawezi kumwambia bibi yake. Mama yangu akiyasema haya, ni matusi. Nikiyasema mimi, ni utani. Kama mnamjua mwenyewe, tazameni chini. Shule imefungwa, sina haraka.

Mke mwenzangu alikuwa mpiga ngoma wa unyago. Wengi mliokaa hapa mmechezwa kwa mikono yake. Kisha, miaka kadhaa baada ya hedhi kukoma, akaanza kuwakimbia watu. Ukeni kulikauka, kukawa kunawasha na kuchoma. Mkojo ukawa hausubiri: akikohoa unatoka, akicheka unatoka, akisikia maji yanamiminwa, ndiyo kabisa! Na anayemchekesha pale nyumbani ni mimi, kwa hiyo mjue nani alipigwa marufuku wa kwanza.

Kufua kunataka maji, na maji ya huku mnayajua, yanapanda mlima juu ya vichwa vyetu. Akaona dawa ni kutokunywa. Kikombe cha chai asubuhi, basi, hadi jioni. Mkojo ukawa mkali kama siki, akazidi kuungua. Siku hizi biashara ni ruksa, maduka ya dawa yameota hadi kando ya mashine ya kusaga. Muuzaji, ambaye juzijuzi tu alikuwa anauza mitumba, akampa vidonge vya rangi mbili bila kumpima chochote. Havikusaidia.

Lakini mama zangu, nawaambia, kilichoniuma si hicho. Ngoma zenu zikilia ng'ambo ya mikorosho, yeye alikaa mlangoni na ndoo tupu, vidole vikipiga mapigo yale yale, polepole, ili asisikike. Halafu mkaja kuiazima ngoma yake. Mkamwambia, "Wewe mama umeshapumzika." Akaifuta vumbi kwa kanga yake, akawapa. Sakafuni ikabaki alama ya duara mahali iliposimama. Akanikataza kufagia pale.

Nikashindwa kuvumilia. "Mke mwenzangu, unaumwa nini?"

"Nikikwambia utacheka?"

"Nitacheka sana."

"Basi nitakwambia. Wanaonitisha ni wale ambao hawatacheka."

Akaniambia yote. Nikacheka kama nilivyoahidi, kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikalia kidogo. Hilo msilitangaze, nina heshima yangu shuleni.

Tukashuka mlima juu ya gari la korosho hadi hospitali ya misheni. Dereva alisimama kila alipoombwa, na kila mara alijifanya anakagua tairi. Hospitalini akapimwa mkojo, akakaguliwa na ndani, akaulizwa kama ameona damu tena au ana uvimbe kwenye titi. Nesi mmoja mtu mzima akamwambia, "Bibi, hujarogwa na hujafanya uchafu. Hedhi ikikoma, homoni zinapungua. Ngozi ya ukeni na ya njia ya mkojo inakonda, inakauka. Wanawake wengi wana hali hii, wanaificha tu."

"Basi nichome sindano nirudi kwangu."

"Hakuna sindano. Kuna krimu yenye homoni hiyo. Unaiweka ukeni kwa kibomba hiki, kila usiku mwanzoni, baadaye mara chache kwa wiki. Na maji unywe."

"Mlima wote ule nimeshuka nije kupewa mafuta?" Alinuna njia nzima. Na hayo maji ya kunywa, aliuliza, nesi atakuja kumtwika nani?

Wiki za kwanza hakuona kitu. Akataka kuitupa, nikaificha chini ya kitanda changu, nikawa namletea kila usiku kama mwanamwali anayeletewa uji. Tukaenda hivyo hivyo. Kisha kuwashwa kukapungua, kuungua kukaisha. Mkojo bado humkimbiza siku nyingine, siwadanganyi, lakini sasa humpa nafasi ya kufika chooni. Asubuhi moja nikamwigiza mwalimu wetu wa hesabu anavyotembea. Akacheka, akashika mlango, akacheka tena. Tukatazamana. Kanga kavu!

Anamshukuru nesi yule. Anamshukuru dereva na tairi zake. Anamshukuru mama yangu, aliyeongeza safari ya kisimani bila kuuliza maji yanakwenda wapi. Mimi hajanishukuru, anasema nitavimba kichwa.

Na somo lake ni hili: unyagoni tunafundishwa damu inapoanza, tunafundishwa uzazi, kisha tunaachwa njiani. Hakuna aliyemfundisha yeye yanayokuja baada ya hapo. Anataka kulifundisha mwenyewe, kwa wimbo, na kila atakayeona dalili hizo apelekwe akapimwe, asiende kununua vya rangi mbili.

Jina sijataja. Ila pale nyuma kuna bibi amekunywa kata nzima ya maji tangu nianze kuongea. Amecheka kuliko ninyi nyote, na hajainuka hata mara moja.

Vidole vyake mnaviona vinavyopiga goti. Mrudishieni ngoma yake.