Bibi Wilhelmina Mhoja na Kambare Wasio na Macho

Baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi, tarehe 30 Juni 1998 Bibi Wilhelmina Mhoja, mtafiti wetu mwandamizi wa samaki, anakabidhi funguo za maabara ya kituo chetu hapa Bariadi. Koti jeupe anaondoka nalo. Amesema hapa hakuna wa kulifua likatakata.

Wageni huuliza mtu anatafiti samaki gani kwenye mji wa pamba. Alitafiti kambare wa aina mbili: wa bwawani, wenye macho yao, na ndugu zao vipofu aliowatoa kwenye pango lenye maji upande wa Mwanhuzi. Alifuatilia mayai yao kwa hadubini, akagundua kwamba hata kipofu huanza kuota macho akiwa kiinitete. Baadaye macho hukoma kukua, ngozi ikayafunika. Siku hiyo alitununulia soda sote, jambo ambalo halijarudiwa.

Soko huria lilipoingia, kituo kikatakiwa kujiendesha kwa faida. Ikaja tume ya kupunguza matumizi. Mwenyekiti wake alivutiwa mno na vipofu: hawali sana, hawaoni kitu, hawalalamiki.

"Hawa ndio watumishi tunaowataka," alisema, akaagiza wenye macho wapunguzwe kazini siku hiyohiyo, yaani wawe chakula cha mchana. Felisita wa jikoni alikwisha kubandika mafuta.

Bila kambare wa bwawani, Bibi Wilhelmina asingekuwa na wa kulinganisha na vipofu, na kazi ya maisha yake ingeishia kwenye kikaango. Alimketisha mwenyekiti kwenye hadubini, akamwonyesha viinitete viwili na kumwomba amtaje kipofu. Mwenyekiti alichungulia mpaka tai ikatumbukia kwenye beseni. Akashindwa.

"Kumbe wote huanza na macho!" alisema. "Basi hata hawa wa bwawani wanaweza kujifunza kuyaacha. Wapewe muda."

"Watajitahidi, mheshimiwa," alijibu Bibi Wilhelmina.

Ikaundwa kamati ya kufuatilia maendeleo yao, na mpaka leo haijakaa. Tume ilikula maharage. Utafiti ulikamilika mwaka jana, na kambare wote wangali wanaogelea, kila mmoja na macho aliyojaliwa.

Mama, asante kwa ukali wako na kwa kutufundisha kutazama mara mbili. Huko Lagangabilili unakorudi, mvua ziwahi, mifugo inenepe, na mwenyekiti yeyote asijue njia ya kwako.