Chumba cha Mbele ni cha Mshona Magodoro

Sogeeni wanangu, kaeni mahali macho yangu yatawafikia bila shingo kugeuka, maana shingo yenyewe imekuwa kama mlango uliovimba kwa mvua. Wewe binti yangu mkubwa, iweke chini hiyo simu. Najua unataka kuitunza sauti yangu, na nia yako ni njema, lakini sauti hii ilishanaswa mara moja na mmeona ilikotufikisha. Ya leo yashikeni kwa masikio, kama nilivyoyashika mimi ya mama yangu, na atakayesahau amwulize mwenzake.

Nitaanza na yaliyo mepesi, nipate nguvu ya kuyafikia mazito. Pasi zangu ni tatu. Ile kubwa yenye jogoo kifunikoni ni ya binti mkubwa, kwa sababu ndiye pekee kati yenu aliyejua kuipuliza bila kurusha cheche kwenye kola ya mtu. Mbili ndogo gawaneni. Zile nguo zilizokunjwa kabatini msiziguse kwa kudhani ni zangu. Ni za watu waliohamishwa kwa haraka wakasahau kuja kuzichukua. Suruali ya kijivu ni ya kinyozi. Mashati mawili meupe ni ya yule mhudumu wa hoteli aliyekuwa akiniambia, "Mama Dobi, ninyooshee vizuri, leo nasimama mbele ya matajiri." Wewe mwanangu wa katikati, una miguu na una subira, watafute uwape nguo zao. Wasitozwe kitu.

Mwenye bomba naye mwambieni nimemsamehe. Miaka kumi na tisa iliyopita alinipunja maji siku ya arusi ya dada yenu huyu, nikamwapia kwamba sitamsamehe mpaka kufa. Basi muda wake umefika, asiseme nilivunja ahadi.

Sasa niingie penyewe. Nisikilizeni bila kunikatiza, hata wewe mziwanda wangu uliyekaa karibu na mlango kama mtu mwenye safari.

Mnajua nilivyowalea. Baba yenu alikuwa kuli, mgongo wake ukaisha kabla ya miaka yake, na kuanzia hapo mlikula jasho la pasi. Na kazi ya dobi, wanangu, si nguo tu. Mtu haji kupigiwa pasi shati lake jema bila kukwambia anakokwenda. Huyu anakwenda kuposa, huyu anakwenda mahakamani na kaka yake kwa ajili ya nyumba ya marehemu baba yao, huyu anakwenda ofisi ya ardhi mara ya saba na hati bado haijatoka. Pale chumba cha mbele nilisimama miaka arobaini na mbili, mkono ukienda na kurudi, masikio yakipokea. Mtaa mzima ulipita mikononi mwangu, na sikuwahi kutoa la mtu nje. Nilijua nyumba ipi ina hati na ipi inasimama kwa neno la mdomo tu.

Nyumba ya Mama Sindano ilisimama kwa neno. Ninyi mmelala juu ya magodoro aliyoyashona yeye, na mmoja wenu, simtaji, aliyalowesha mpaka darasa la tatu. Ile nyumba ilikuwa ya mzee muuza mbao. Wanawe walikwenda mbali wakamsahau, akaugua miaka minne, na aliyemlisha na kumgeuza kitandani ni Mama Sindano, mpangaji wake, asiye na damu naye hata tone. Siku moja mzee akatuita mimi na baba yenu. Akasema, nasikia sauti yake hadi sasa, imekauka kama unga wa msumeno: "Ninyi ni majirani, muwe mashahidi. Nyumba hii nimempa huyu mama. Wanangu wana zao." Akampa mkono, nasi tukampa mkono. Hakuna karatasi. Zama zile aliyeomba karatasi baada ya kupewa mkono alikuwa amemtukana aliyempa.

Neno hilo lilikaa miaka ishirini na sita, halijaumiza mtu.

Kisha akaja yule binti wa kinasa sauti, na aliyemleta ni wewe, mziwanda wangu. Ulisema, "Mama, huyu anaandika historia ya mtaa, na mimi nikamwambia historia ya mtaa ni mama yangu." Nilifurahi, sitadanganya. Ninyi watoto wangu nikianza hadithi mlikuwa mkisema, "Mama, hiyo tumeshaisikia." Yule binti hakusema hivyo hata mara moja. Alikaa kwenye kigoda changu cha mkaa na gauni lake safi, akaniita bibi, akinyamaza pale pa kunyamaza, akicheka pale pa kucheka. Nikajiambia mgeni njoo, mwenyeji apone, na kweli nilikuwa napona. Nilimtembeza mlango kwa mlango nikisema, "Huyu ni mgeni wangu," na kwa sababu ni mgeni wangu watu wakafungua milango iliyokuwa haifunguliwi kwa maafisa. Na siku moja, kwa majivuno ya mtu anayesikilizwa, nikamsimulia habari ya muuza mbao na mkono wake. Niliisimulia kama hadithi ya wema. Nilitaka iandikwe, wajukuu wajue kwamba hapa paliishi watu.

Akaniuliza kwa upole, "Na wale watoto wa mzee, bibi, wako mji gani?"

Nikamwambia.

Mengine mliyaona. Kampuni ya majengo ikawatafuta wale watoto, wakauza kitu walichokuwa hawakikumbuki, na asubuhi moja magodoro ya Mama Sindano yakawa barabarani na sufi inapeperuka mpaka dukani. Nilitoka mbio na pasi mkononi, sijui nilitaka kumchoma nani. Akanitazama. Hakupaza sauti, na ningependa angepaza. Akasema, "Habari ile tuliijua watu wanne, mwenzangu, na wawili wako kaburini. Wengine mtaa huu wameuza. Wewe uligawa bure."

Tangu hapo hajaniita kwa jina lolote.

Baada yake wakafuata kinyozi, na wale ndugu wenye kesi, na wengine wote niliowapitishia mgeni wangu. Leo mtaa una taa nzuri na maua kwenye vyungu, na mnywaji wa kahawa mmoja hulipa pale nilichokuwa nikilipwa kwa mashati thelathini. Wamemchora ukutani mwanamke anayepiga pasi, na kila mtu anasema ni mimi. Nao hao hao wameniandikia barua kwamba moshi wa mkaa wangu unaingia madirishani mwao, na kwamba kamba yangu ya nguo inaharibu sura ya mtaa. Dobi wa ukutani anapendeza kwa sababu hatoi moshi.

Nilidhani kosa ni langu peke yangu, na kosa langu ni langu, sikimbii. Mdomo wangu ndio uliofungua. Lakini mwanangu, wewe unajua sheria ya kwanza ya dobi, nilikufundisha ukiwa hujafikia meza: kabla hujaweka pasi, toa vilivyomo mifukoni. Uliniletea koti lako, nikatoa vilivyomo. Kulikuwa na karatasi yenye muhuri na picha ya mtaa wetu kutoka juu, nyumba zimepakwa rangi. Sijui kusoma, lakini nyumba yangu naijua hata ukinionyesha kutoka mawinguni. Nikaipeleka kwa mwalimu mstaafu, akavaa miwani, akasoma, akaivua miwani. Akaniambia, "Mama Dobi, kaa kwanza."

Ilikuwa mkataba wako na kampuni. Umwingize binti yao kwa mzee anayejua nani ni mwenye nini. Tarehe yake ilitangulia siku uliyomleta kwangu kwa wiki mbili. Nyumba nyekundu ni zilizokwisha kupatikana. Hii yetu ilikuwa ya manjano, na mwalimu akasema manjano maana yake bado, ila itapatikana.

Usilie. Sijafika pa kulia.

Nilirudisha karatasi mfukoni, nikapiga koti pasi, nikakukunjia. Nikangoja. Miezi minane uliniletea dawa, ukaniuliza kama nimekula, na kila ulipofungua mdomo na kusema "Mama", moyo wangu uliruka, nikasema sasa anasema. Ukaniuliza kama nataka chai. Walisema wahenga kikulacho ki nguoni mwako, nami maisha yangu yote nimeshika nguo za watu nikidhani methali ile ni ya wengine.

Najua utasema mtaa ungekwenda tu, kwa sisi au bila sisi. Huenda. Mvua ikibomoa nyumba mtu ataitazama mvua, atajenga tena. Mama Sindano alinitazama mimi.

Kwa hiyo sikilizeni, haya ndiyo ya mwisho na ndiyo wosia wenyewe. Nyumba hii haiuzwi maadamu Mama Sindano anapumua. Chumba cha mbele ni chake, chote, na dirisha lake la barabarani, akitaka kushona magodoro hapo ashone, na sufi iwaingie madirishani. Vyumba viwili vya nyuma ni vyenu watatu. Safari hii sikuliachia neno peke yake: nimeweka dole gumba mbele ya wakili, mwalimu akiwa shahidi, na karatasi iko kwa mwalimu. Akishatangulia Mama Sindano, mtaamua. Sitawafunga kutoka kaburini zaidi ya hapo.

Nipeni maji. Kidogo. Basi.

Nimemtumia Mama Sindano ujumbe mara mbili, na mara mbili amesema hakanyagi hapa. Analala kwenye korido ya mpwa wake, kitanda nyuma ya mlango, na kila anayekwenda msalani humgonga miguu. Mwanamke wa miaka sabini na nne. Hatakuja kwa ujumbe. Atakuja kwa kuambiwa ukweli na mtu aliyeufanya.

Binti yangu mkubwa, lete kichwa. Mungu akupe nyumba isiyopungukiwa na sauti za watu. Wewe wa katikati, sogea... mkono wangu hauinuki, uinue wewe. Uwe na watu popote utakapofika. Ulinizika moyoni mara nyingi kwa ukimya wako, lakini hukuniuza.

Na wewe mziwanda. Usipige magoti hapa. Simama.

Baraka yako sinayo. Nimeiweka kwa Mama Sindano. Nenda ukamwambie yote, karatasi, koti, miezi minane, kisha ubebe kitanda chake kwa mgongo wako, kama alivyobeba baba yako mizigo ya watu. Akikukubalia, umebarikiwa, hata kama mimi sitakuwapo kusikia. Akikukatalia, rudi kesho. Na keshokutwa.

Msinifunike uso, nataka kumwona akitoka. Nenda, mwanangu. Usiuache mlango... uache wazi. Nenda.