Hendeli ya Jumapili

Justus, niinue mgongo kidogo, na wewe Mwikali keti hapa ninapoweza kukuona, maana maneno ninayo na pumzi ni chache. Msafara wa magari ya kwenda Garissa hauji mpaka Jumatano, hospitali iko huko, na kifua hiki hakitaifikia Jumatano. Mimi ni fundi, najua injini inayokwisha inavyolia. Sikilizeni, wanangu, na mkitaka kulia mtalia nikimaliza.

Mali si nyingi. Mbuzi sita walioko Meru kwa baba yenu mdogo ni wa Mwikali, wote, na asije akamwambia kwamba msichana harithi. Vyombo vya ufundi ni vya Justus. Daftari langu ni lenu wawili. Nililiandika nikiwa kijana misheni, nikinakili mafundisho ya wale wahubiri wa kale wa Uingereza na Uskoti, Wapuritani na wenzao wa Matengenezo, kama mmisionari mzee alivyotufafanulia. Mnayajua, nimewalea nayo: kila kazi halali ni wito, hata kupaka mashine grisi, dhambi usiipunguze, iue, na kesho uiue tena, uuhoji moyo wako kabla watu hawajakuhoji, na nyumba isile kabla haijaomba. Yashikeni. Sijayaona yakimdanganya mtu. Aliyedanganya ni mimi.

Na hendeli ya kuwashia mashine ya maji, uliyoileta jioni hii, Justus, iko chini ya kitanda hiki. Hiyo ndiyo habari yenyewe.

Mnakumbuka tulivyoletwa hapa Balambala mwaka jana, watu walipokusanywa ndani ya seng'enge kwa sababu ya vita vya mashifta, nami nikakabidhiwa mashine, maji ya watu wote hawa na mifugo yao yakawa mkononi mwangu. Kila Jumamosi jioni nilizima injini, nikachomoa hendeli, nikaja nayo nyumbani, nikailaza chini ya kitanda mpaka Jumatatu, kwa sababu daftari langu lilisema Siku ya Bwana mtu apumzike kutwa nzima, yeye na kazi yake na mawazo yake. Nilijisifu, wanangu. Nilijiona Mkristo mwenye msimamo katika nchi ya Waislamu.

Jumapili ile ya kiangazi maji ya akiba kwenye tangi yaliisha asubuhi, wanawake walichoka kungoja, wakaomba ruhusa ya kutoka, wakateremka Tana na madebe. Fatumo, mke wa Yarow, huyu anayetuletea maziwa, akakamatwa na mamba. Wenzake walimvuta wakamwokoa, lakini mkono wa kushoto ulibaki mtoni. Yarow alikuja hapa mlangoni, nguo imelowa damu, akaniuliza, "Mashine iko na nini?" Nikamjibu, "Imeharibika." Mkubwa wa boma alipouliza nikamjibu hivyo hivyo, kwa kuogopa kazi na kwa kuona haya. Kisha uongo ule ukataka mwenzake, nikatangaza kwamba tangu sasa mashine itapumzishwa kila Jumapili isiharibike tena. Na moyoni nikasema ni mapenzi ya Mungu. Kweli hakuna linalotokea nje ya mkono wake, wale wazee walifundisha hivyo nami naamini mpaka saa hii. Lakini mimi niliyachukua mapenzi ya Mungu nikajifunika kama blanketi.

Mwaka mzima Fatumo ameleta maziwa, kibuyu kakikumbatia kwa mkono mmoja, na mimi nimepokea na kusema asante.

Mwezi uliopita, Mwikali, nilikuomba unisomee daftari pale penye Siku ya Bwana. Ulifika mwisho wa ukurasa, ukafunua. Mimi kwa miaka thelathini nilikuwa naishia pale chini. Na nyuma yake, kwa mwandiko wangu mwenyewe, imeandikwa: isipokuwa kazi ya lazima na kazi ya huruma. Ukasoma, ukaendelea, hukuona nilivyogeukia ukuta.

Basi leo asubuhi nimemwita Fatumo, nikamwambia yote. Hakushtuka. Akasema, "Mzee Kinoti, mimi najua zamani. Mashine ikiharibika wewe nabiga nyundo, natukana. Siku ile wewe alikuwa naimba." Nikamuuliza mbona hakusema. "Nilingoja wewe mwenyewe aseme." Nikamwomba msamaha. Akainua kibuyu chake, akaniuliza, "Kesho Jumabili. Maji iko?"

Jibu hilo si langu tena, tangu niugue mashine ni yako, Justus. Mkubwa wa boma amekuachia kazi yangu, na ukimweleza ukweli huenda akakunyang'anya, na nyumba hii ni ya kazi, mtatoka. Najua, na inaniuma. Mweleze. Toba ya machozi chumbani nimeifanya mwaka mzima na haikumpa Fatumo hata debe moja la maji. Nenda kwa Yarow kwanza, useme kwa kinywa chako, usimtume mtu; Mwikali afuatane nawe. Wala msidhani nawatuma mkaninunulie mbingu. Hiyo Kristo alikwisha kuinunua, si kwa Jumapili zangu, si kwa hendeli. Nawatuma kwa sababu yule mama anadai jibu.

Ngoja... nipumue.

Mungu wa baba zangu awashike. Awape kazi ya kufanya, na chakula, na asiuache uongo ukae raha ndani yenu kama ulivyokaa ndani yangu. Awape mtu wa kuwafunulia ukurasa. Semeni amina. Sikusikia, Mwikali... haya.

Justus, ivute hendeli. Nataka niisikie ikitoka. Hivyo... hivyo. Kesho jua likichomoza, washa. Nikifa kabla, nifunikeni shuka mniache hapa, msianze na mimi. Anzeni na maji. Na wanawake wakija na madebe... wakikuuliza mashine imepona lini... waambie haikuharibika. Waambie, mwanangu... haikuharibika siku hata moja.