Utepe Mbele ya Mashini ya Moyo

Mheshimiwa mwakilishi wa jimbo, Papa Direkta Ferdinand wa hospitali hii, madaktari, wazazi wa mitaa ya Mapendo na Murara, na ninyi wagonjwa mliowekwa nyuma kabisa, hamjambo.

Naitwa Charline Murhula, nina miaka kumi na sita. Nilipewa hotuba ya Kifaransa, kurasa mbili za merci, asante juu ya asante. Nimeikunja. Mimi huona haya hata kujibu darasani, kwa hiyo sauti ikitetemeka mnisamehe. Ni hasira pia.

Mwaka juzi nilipasuliwa moyo Kampala. Valvu yangu, kile kilango kinachozuia damu isirudi nyuma, ilikuwa imeanza kukakamaa. Wangeweza kuitoa na kuweka ya chuma, nami ningemeza dawa za kuzuia damu isigande maisha yote. Dokta Twagirimana wa huko aliishona, akaniachia yangu. Aliwezaje? Kabla ya kugusa kisu aliiona kwenye picha, ikifunguka na kujifunga, akajua pa kushona. Mashini ya picha kama hizo ndiyo hii, nyuma ya utepe huu mwekundu.

Ilifika lini? Leo? Mwezi wa tatu! Nilikuwapo depo, stoo ya hospitali, papa yangu ndiye karani wa pale. Fundi aliijaribu kwenye kifua chake mwenyewe, tukaona moyo wake unacheza, tukacheka. Kisha ikafungwa plastiki. "Ingojee wakubwa," ndivyo mlivyosema ninyi viongozi wa hospitali. Na wakubwa wamefika leo, mwezi wa kumi.

Na mimi je? Mama Ernestine, anayeuza nyanya sokoni Birere, aliniuliza kila Jumapili baada ya misa: "Charline, mashini ya mutoto wangu ilishafika?" Nikajibu, "Bado, mama." Papa alikuwa amenionya: "Mambo ya kazi hatuyasemi inje." Nilidanganya miezi saba. Mama, nisamehe mbele ya watu hawa wote.

Mutoto wake ni Joviale, yule mwenye sweta ya kijani, mgonjwa wa valvu kama mimi. Mwezi wa tatu alienda shule kwa miguu. Leo amepumzika mara tatu kwenye ngazi za hapa. Dokta Twagirimana anangoja picha zake ili aseme kama valvu bado inaweza kushonwa. Labda bado. Labda miezi saba yenu, na yangu, imeiharibu. Nani kati yetu atamwambia?

Papa Direkta, najua programu: hotuba nne, ngoma, chakula, ndipo utepe. Hapana! Mkasi uko kwenye sahani mbele yako. Kata sasa. Wali na sambaza, dagaa wa ziwa letu, vitangoja.

Asanteni kwa kunisikiliza, ila msinipigie makofi. Joviale, simama, tuingie.