Luciana Ndahani na Picha za Mgeni Asiyeondoka

Wasikilizaji wapendwa, poleni na kazi za mchana kutwa. Mimi ni Raheli. Jioni hii tunamkumbuka Luciana Ndahani, mpiga picha wa Manyoni. Luciana amefariki dunia. Amezikwa kwao Kintinku, Jumamosi iliyopita.

Narudia kwa ndugu waliochelewa kufungua redio. Luciana Ndahani, mpiga picha wa Manyoni mjini, mke wa Chediel, mama wa Faith, amefariki na amekwisha kuzikwa.

Wengi wenu mnamfahamu bila kujua kwamba mnamfahamu. Kama ulifunga ndoa Manyoni miaka ya tisini, au ulibatiza mtoto, au ulihitaji picha ndogo ya kitambulisho, huenda ni Luciana aliyekuambia, "Inua kidevu kidogo. Hapo hapo. Usipumue."

Nilikwenda nyumbani kwake baada ya mazishi. Sikumkuta mtu analia. Wanawake walikuwa wanaosha vyombo vya msiba kimya kimya. Chediel, mume wake, alinivutia kiti, na yeye akakaa. Kisha ikawa kama amesahau kwamba nipo. Baadaye aliniambia, "Watu wananiuliza kama nimelia. Bado. Nimekaa tu."

Basi nami nitawasimulia hivyo hivyo, taratibu, kama nilivyosimuliwa.

Luciana alizaliwa Kintinku, kwa wazazi waliolima uwele na kufuga ng'ombe wachache. Alisoma mpaka darasa la saba. Baba yake mdogo, Fabiano, alikuwa na kamera tangu zamani, lakini ilikaa kabatini kwa sababu filamu hazikupatikana. Mtakumbuka, wasikilizaji wapendwa, hata sabuni haikupatikana. Kisha ikaja ruksa, serikali ikafungua biashara. Maduka yakajaa. Zikaja nguo za mitumba, zikaja redio kaseti, na filamu nazo zikaja. Fabiano akafungua studio karibu na stesheni ya Manyoni. Ukutani alichora ndege na ngazi zake. Watu wakawa wanapiga picha wakipanda ndege, halafu wanarudi nyumbani kwa miguu.

Luciana alikuja kumsaidia kufagia na kupokea wateja. Haikuchukua muda akawa anapiga picha mwenyewe, na wateja wakawa wanamwulizia yeye. Fabiano anasema hakuchukia. "Mimi nilikuwa napiga nguo za watu," aliniambia. "Yeye alikuwa anapiga watu."

Akaolewa na Chediel, kijana wa Itigi aliyefanya kazi relini. Wakampata Faith.

Ugonjwa ulianza Faith akiwa bado ananyonya. Ulianza na vidole. Asubuhi moja Luciana alishindwa kukamua nepi. Akaiacha ndani ya beseni, akaitazama. Mchana vidole vikalegea, akaikamua, akaianika, hakumwambia mtu. Baadaye vikafuata viwiko, kisha magoti. Hospitali wakamwambia ni baridi yabisi. Daktari hakumficha. Alimwambia kwamba si ugonjwa wa kupona, ni wa kuishi nao.

Sasa hapa, wasikilizaji wapendwa, ndipo penye jambo. Ugonjwa wa Luciana ulikuwa mkali asubuhi. Asubuhi hakuweza kushika kikombe. Mchana yuko studio, kamera shingoni, anacheka na watoto wa watu. Nani amwamini? Mguu haukuvunjika. Kidonda hakuna. Homa hakuna.

Mama mkwe wake, Mama Anastazia, alikuja kutoka Itigi kuwatembelea. Jua lilikuwa limepanda, akamkuta mkwewe kitandani na mtoto analia sakafuni. Mama Anastazia si mtu mbaya, na naomba mnielewe hapo. Ni mwanamke aliyelima mashamba yake akiwa na mtoto mgongoni, akazika watoto wawili, na jembe hakuliacha. Alimwinua mjukuu wake, akawasha moto, akapika uji. Kisha akawaambia majirani kwamba mwanawe ameoa mtu wa kulala.

Neno hilo likaenea. Mtu wa kulala. Likafika Itigi, likafika mpaka Kintinku. Chediel alikuwa akilisikia, akanyamaza. Wakati huo alikuwa amepunguzwa kazi, na mengi yalimpita akiwa amenyamaza.

Luciana alijaribu kueleza. Dorkas, mdogo wake aliyekuwa akiishi nao, anasema dada yake alieleza mpaka akachoka. Mwishoni alisema hivi, na Dorkas anakumbuka neno kwa neno: "Wananiuliza inauma wapi. Nikiwaonyesha mkono, wanaona mkono."

Halafu ikaja siku ya kitana. Faith alikuwa na kama miaka mitano. Alimletea mama yake kitana asubuhi, amsuke aende kanisani. Luciana akakipokea, kikaanguka. Faith akakiokota, akampa, kikaanguka tena. Mtoto akaenda kwa jirani, kwa Mama Jenipher. Akarudi amesukwa vizuri, akasimama mlangoni, akasema, "Mama Jenipher ananipenda."

Luciana hakumkemea, wala hakulia. Alipoweza kusimama alimwambia Dorkas watoke wakatafute jiwe.

Mawe kwetu hayatafutwi mbali. Walipata moja nyuma ya nyumba, la ukubwa wa mtoto anayeanza kukaa. Dorkas alidhani ni la kuegesha mlango. Luciana akamwambia alioshe. Kisha akamwambia aliweke mlangoni, juu ya kigoda cha wageni. Akapiga picha.

Hiyo ndiyo picha ya kwanza. Jiwe limekaa kwenye kigoda, mlangoni, kama mtu aliyebisha hodi akakaribishwa.

Picha ya pili, jiwe liko mkekani, limetengewa ugali na mboga. Pembeni yuko mwanamke, ametazama pembeni, kwake hakuna sahani. Mwanamke huyo ni Dorkas. Luciana hakutaka uso uonekane. Alisema uso ukionekana watu watasema, aa, ni fulani, na wataishia hapo.

Picha ya tatu, jiwe liko kitandani, limefunikwa shuka mpaka juu. Mwanamke amelala chini.

Picha ya nne ilipigwa shambani. Mnaujua ule usemi, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Basi mwanamke amempa mgeni jembe. Jembe limelazwa juu ya jiwe. Nyuma yake shamba zima ni magugu, na mwanamke amesimama, mikono imening'inia.

Picha ya tano, mwanamke amelibeba jiwe mgongoni kwa kanga, kama mtoto. Ameinama kwa uzito. Kando yake mtoto halisi anatembea kwa miguu, ameshika ncha ya kanga. Mtoto huyo ni Faith.

Kupiga picha hizo kulichukua msimu mzima, kwa sababu zilipigwa siku ambazo Luciana aliweza kusimama. Kidole cha kubofya kilikuwa kimegoma kukunjika. Akawa anabofya kwa gumba. Gumba nalo lilipochoka, alimwita Fabiano ashike kamera, akasimama nyuma yake, akasema, "Sasa."

Filamu zilikwenda kusafishwa Dodoma. Ziliporudi, Fabiano alizitazama moja moja. Alikuwa amelalamika sana kuhusu filamu za wateja kutumika kupiga picha za jiwe. Siku hiyo hakulalamika. Alimwambia Luciana kwamba hawezi kuzitundika studio, zitafukuza watu, lakini asizipoteze.

Muda si mrefu kikao cha ukoo kikaitishwa Itigi, nyumbani kwa Mama Anastazia. Ajenda ilikuwa moja. Luciana arudishwe Kintinku kwa wazazi wake, Chediel atafutiwe mke mwenye nguvu, na Faith abaki upande wa baba.

Luciana alikwenda na Chediel, Faith na Dorkas. Akawaamkia wazee, shikamoo zote, mmoja baada ya mwingine. Alipopewa nafasi ya kusema, alisema hana maneno mapya. Akamwomba Dorkas apange picha mkekani kwa mpangilio, kuanzia ya mlangoni mpaka ya mgongoni.

Wazee wakainama. Wakatazama. Dorkas anasema waliziokota moja moja, wakapokezana.

Mzee Eliya, kaka yake Mama Anastazia, ndiye aliyeuliza kwanza. Aliuliza, "Huyu mgeni anaondoka lini?"

"Haondoki, baba," Luciana alijibu.

"Na kazi hafanyi."

"Hafanyi."

Mzee Eliya akaegemea ukuta. Mama Anastazia alikuwa ameshika ile picha ya kitandani. Aliishika muda mrefu. Kisha akamgeukia mkwewe.

"Mama Faith, kwa nini hukusema?"

Luciana akamjibu, "Nilisema, mama."

Basi. Hayo ndiyo yaliyosemwa. Hakuna aliyeomba radhi, na hakuna aliyedai aombwe. Kikao kiliisha bila uamuzi, watu wakala, wakatawanyika. Luciana akarudi Manyoni na mume wake na mtoto wake. Habari ya kumrudisha Kintinku haikuzungumzwa tena.

Haukupita mwezi, Mama Anastazia akahamia Manyoni. Hakueleza kwa nini. Kila asubuhi aliamka kabla ya wengine, akachemsha maji, akayapooza kidogo, akaja na beseni kitandani, Luciana akatumbukiza mikono. Wakikaa hivyo hawakuongea sana. Mama Anastazia alikuwa akiangalia maji. Maji yakipoa, anaongeza ya moto.

Faith sasa ni binti wa sekondari. Nilimwuliza kama anaikumbuka ile picha ya tano. Alisema siku ilipopigwa aliona ni mchezo. Akaja kuielewa baadaye, siku moja akiwa peke yake anaiangalia. "Nilijua kwamba angenibeba," alisema. "Lakini mgongo tayari ulikuwa na mtu."

Wasikilizaji wapendwa, habari za picha zile zilitoka Itigi zikasambaa. Watu wakaanza kufika studio, si kwa ndoa wala kwa kitambulisho. Walikuja wagonjwa. Wagonjwa wa muda mrefu, wale ambao nyumbani wameshazoeleka. Luciana aliwauliza swali moja: ugonjwa wako unafanana na nini? Kisha alikaa akasubiri jibu, hata kama mtu alihitaji kwenda nyumbani akafikiri.

Mzee mmoja wa Mkiwa, mgonjwa wa kisukari, alirudi na ndoo iliyotoboka. Luciana alimpiga picha ameketi, ndoo mapajani, maji yanamtiririkia miguuni, na yeye anaendelea kumimina. Mama mmoja wa Misigiri, mwenye pumu, alitaka apigwe picha nje ya nyumba yake mwenyewe, mlango umefungwa kwa ndani. Alisema, "Hewa iko ndani. Mimi niko nje." Picha hizo walizichukua wenyewe kwenda kuwaonyesha watu wao. Luciana hakuzitundika. Alisema si zake.

Sitawadanganya kwamba mambo yalikuwa mepesi baada ya hapo. Picha haikumponya Luciana. Narudia, picha haikumponya. Vidole viliendelea kupinda. Miaka ikapita. Akawa anaishi kwa vidonge vya maumivu kutoka duka la dawa baridi, asubuhi na jioni, mwaka baada ya mwaka. Dorkas anasema ilifika mahali dada yake hakulalamika tena. Si kwamba hapakuuma. Mtu anachoka hata kuchukia. Ukimwuliza yukoje, anasema yupo. Alikuwa akitazama dirishani kama mtu anayesubiri gari na hajali litakuja au la.

Mwezi uliopita aliomba atolewe nje, akae juani. Dorkas akachukua kamera, akauliza alete nini. Alete jiwe? Alete kanga?

Luciana akasema, "Leo hakuna hadithi. Nipige mimi."

Nimeiona picha hiyo. Ni mwanamke kwenye kiti cha mbao, mikono iliyopinda imewekwa magotini, haikufichwa. Anatazama kamera. Hacheki, hajakunja uso. Ni Luciana tu.

Siku chache baadaye alianza kutapika damu. Walimkimbiza hospitali. Waliambiwa tumbo lilikuwa limeliwa na vidonge vya miaka yote ile. Alifariki alfajiri, Chediel akiwa amemshika mguu kwa sababu mikono ilikuwa inauma kushikwa. Mama Anastazia alikuwa nyumbani. Habari zilipofika, alikuwa ameshachemsha maji. Aliambiwa. Akakaa karibu na sufuria mpaka maji yakapoa, kisha akayamwaga.

Nilipomwuliza kama ana neno la kusema redioni, Mama Anastazia alinitazama, akasema, "Semeni alikuwa anaumwa. Alikuwa anaumwa kweli."

Wasikilizaji wapendwa, nimesema. Luciana Ndahani alikuwa anaumwa kweli.

Kwa Chediel, pole baba. Kulia kukija, kuje. Kusipokuja, hakuna atakayekudai. Faith, mwanetu, pole sana. Mama Anastazia, shikamoo, na pole. Dorkas, mzee wetu Fabiano, na familia nzima ya Kintinku, tunawapa pole sisi sote wa hapa redioni, pamoja na wale wa Mkiwa na Misigiri waliotutumia salamu. Mungu amlaze Luciana mahali pasipo na asubuhi ngumu.

Na wewe unayenisikiliza, nina ombi. Huenda humo ndani mwako yuko mtu ambaye ameumwa muda mrefu, mpaka mmeacha kumwuliza. Labda yuko chumba cha pili. Labda amekaa hapo karibu na redio, anasikiliza pamoja nawe na hasemi kitu.

Sitaweka muziki sasa. Tutakaa kimya hapa studio kwa muda mfupi. Punguza sauti ya redio, mgeukie, umwulize ameamkaje leo.

Sisi tutasubiri.