Makosa ya Mkalimani, Siku ya Kumuaga Mwalimu Veneranda

Mheshimiwa Diwani, Ndugu Afisa Elimu Kata, Mwalimu Mkuu, Baba Paroko, Mchungaji wetu wa Moravian ambaye naona umechagua kiti kilicho karibu na sufuria la pilau, Mzee Sulemani na wenzako mliotoka mjini, walimu, wazazi, na wewe mwenye siku yako, Mwalimu Veneranda: wakubwa shikamooni, wadogo nasubiri shikamoo zenu, na wa nyumbani, mwangaluka!

Nimepewa dakika tano. Aliyenipa hanijui.

Mimi ni Raymundi wa Ng'ambo. Nimeendesha lori miaka ishirini na sita. Nimelala Lubumbashi, nimekula Lusaka, nimekimbizwa na polisi wa Durban kwa kosa la kupendeza. Shule nilifika kidato cha pili, nikaona inatosha, na wengine wapate nafasi. Lakini nasema lugha saba, na katika lugha zote hizo sijawahi kushindwa ubishi. Sasa, binti mtafiti aliposhuka Tabora akiuliza ni nani anaweza kumtafsiria mazungumzo ya walimu, mlitegemea aelekezwe kwa nani?

Binti mwenyewe ni yule mwenye miwani. Josepha, simama mwanangu wakuone. Leo anaitwa Daktari, ingawa hawezi kukutibu hata mafua. Kazaliwa Moshi, kakulia na kusomea Ulaya, Kiswahili chake cha kuombea chai tu, akaja hapa Kigwa na swali moja: mwalimu mkongwe anamleaje mwalimu mpya mpaka naye awe mwalimu? Akaweka kinasa sauti mezani katika ofisi ya walimu, na pale ofisini akamkuta Mwalimu Veneranda, mwalimu mlezi wa shule hii, akimlea Mwalimu Zablon.

Zablon ni Mgogo wa Bahi. Veneranda ni Mnyamwezi wa hapahapa. Kuna asiyejua maana yake? Babu zetu walibeba mizigo kwa miguu mpaka pwani, wakapita Ugogo wakiwa na kiu, wakagombania maji na wenyeji, wakapatana, na mpaka leo sisi ni watani: tunatukanana tukiwa hai na tunazikana tukifa. Basi kila asubuhi ofisini ilikuwa hivi:

"Mtumwa wangu, umeamka? Lete andalio la somo."

"Nimeamka, bibi, ila mtumwa ni wewe. Babu yangu alikupata kwa kibuyu kimoja cha maji, na mpaka leo anakijutia kibuyu chake."

"Hili ndilo andalio? Ng'ombe wa kwenu wakienda mtoni wana mpangilio kuliko hili. Dakika kumi za mwanzo watoto wanafanya nini, wanakutazama meno?"

"Wakiyatazama watajifunza usafi."

"Kaa hapa tuandike upya. Na ukifa kabla hujajua kufundisha kugawanya, nitalala kaburini mwako, sitoki mpaka ndugu zako wanipe beberu mnene!"

Wanacheka, wanakaa saa nzima, andalio linanyooka. Muhula mzima hivyohivyo. Wazazi wa darasa la nne ni mashahidi: watoto wenu sasa wanagawanya kila kitu, hata nyama ya baba.

Mimi nikatafsiri. Neno kwa neno, kwa Kiingereza changu cha bandarini, hakuna nukta iliyopotea! Nilijisifu mtaa mzima wa Ng'ambo. Lakini sikuandika mahali popote kwamba hawa ni watani. Ningeandikaje? Kuna mtu Tabora hii anaandika kwamba jua huonekana mchana?

Ndugu zangu, kule Ulaya hawalijui jua letu. Wasimamizi wa Josepha wakasoma kwamba mwalimu mlezi anamwita kijana mtumwa, anamlinganisha na ng'ombe, na anamtishia kifo kwa kudai beberu. Kamati ya maadili ya chuo chao ikakaa kikao. Barua ikaja, na wakubwa wa elimu wakaitii: utafiti usimame, Mwalimu Veneranda aondolewe kwenye ulezi, na asimkaribie Zablon mpaka uchunguzi uishe. Ilikuwa imebaki miaka miwili tu astaafu.

Wakamhoji Zablon kwa simu ya video. Wakamuuliza kwa upole, "Je, umenyanyaswa?" Mgogo huyu akakunja uso: "Sana. Ananiuza kila siku, na kila siku bei inashuka." Wakaandika! Zablon, cheka tu, lakini siku ile nilitaka kukuuza mimi mwenyewe.

Mwalimu Veneranda hakucheka. Nilimkuta barazani anasahihisha madaftari peke yake. Akaniambia, "Raymundi, nimelea walimu kumi na tisa. Niondoke kazini naitwa mtesaji?" Nami, mwenye lugha saba, nilimjibu nini? "Mambo ya wazungu hayo, yatapita." Nikaondoka mbio kuliko lori lisilo na mzigo.

Wiki tatu baadaye mama yake Zablon akafariki. Mwalimu alikuwa amekatazwa kumkaribia kijana. Akajifunga kitenge, akaenda stesheni. Josepha akamfuata anahema: "Mwalimu, wakijua umekwenda, hawatakurudisha tena!" Akajibiwa, "Mwanangu, mama wa mtani wangu anazikwa. Kama unakuja, shika huu mfuko." Josepha akashika mfuko. Mimi nikapanda pia, kwa sababu nilikuwa na hatia, na kwenye huo mfuko nilisikia harufu ya maandazi.

Tukafika Bahi. Zablon hajala siku mbili, hasemi, macho makavu kama bati. Watu wamelizunguka kaburi, wako tayari kushusha jeneza. Mwalimu Veneranda, mwanamke wa miaka hamsini na minane mwenye goti bovu, akateremka kaburini, akajilaza chali, akafumba macho.

"Hapa ni pangu! Huyu mama ni mtumwa wangu, nani kampa ruhusa ya kufa? Sasa mlenda nitapikiwa na nani?"

Wazee wa Kigogo wakamletea beberu. Akafumbua jicho moja. "Mbona amekonda hivi? Mlikuwa mnamlisha maandalio ya somo ya Zablon?"

Msiba mzima ukapasuka kwa kicheko. Zablon akacheka mpaka kicheko kikageuka kilio, akalia kama mtu, akasema neno lake la kwanza kwa siku mbili: "Bibi, toka humo, unamchafulia mama nyumba." Akampa mkono akamvuta juu. Jioni ile akala ugali, na beberu wa watu akaliwa pia. Josepha alikuwa pembeni, miwani imejaa ukungu. Akaniambia, "Baba Raymundi, hili ndilo ambalo sikuliandika." Nikasema, "Mimi ndiye ambaye sikukuandikia."

Tulirudi tukatafsiri kila ukurasa upya. Safari hii, kabla ya kila neno, niliandika nani anasema na yeye ni nani kwa yule anayeambiwa. Kamati ikasoma, ikamhoji tena Zablon, na nilimsimamia ajibu kama mtu mwenye akili. Ikaja barua ya pili: jina la Mwalimu ni safi, arudi kwenye ulezi. Akamlea hata wa ishirini. Na kurasa zilezile zilizotaka kumfukuzisha Mwalimu kazini ndizo zilizompa Josepha udaktari. Kuanzia kesho mwalimu mlezi wa shule hii ni Zablon. Mungu atusaidie.

Mheshimiwa Diwani, naona unatazama saa. Neno moja tu.

Kosa langu nimelikiri kwa kamati, kwa Josepha, hata kwa kinyozi wangu. Kwa mwenyewe, bado. Mwaka na nusu tangu barua ya pili nakukwepa, Mwalimu, nakuletea salamu, nakuletea asali, nakuletea vichekesho. Lakini mimi na wewe ni Wanyamwezi wote wawili. Hatuna utani. Siwezi kujilaza kaburini nikasamehewa. Inabidi niseme kama watu wengine.

Mwalimu Veneranda, nilikosea. Nilipenda kuonekana najua, wewe ukalala na aibu isiyo yako. Naomba unisamehe, mbele ya hawa uliowafundisha wao na watoto wao.

...Amenyoosha mkono. Jamani, mmeona? Amenyoosha mkono! Ngoja niufuate kabla hajaurudisha.

Mmenivumilia mpaka mwisho, ahsanteni sana. Sufuria lifunguliwe.